MZEE HAKURUDI UTOTO

Kuna neno moja lililozoeleka mno vinywani mwetu watu wa Pwani, nalo ni hili: "Muacheni, amerudi utoto." Hutamkwa barazani, hutamkwa jikoni, na hata matangani hutamkwa. Mzee akiuliza saa ya sala mara ya nne baada ya kujibiwa mara tatu, husemwa amerudi utoto. Bibi mtu mzima akijitanda leso tatu kwa pamoja na kusema anakwenda kwa mamake, ambaye alizikwa miaka hamsini iliyopita, husemwa vivyo hivyo. Asemaye aghalabu hana nia mbaya; pengine anamtetea mzee asichekwe. Lakini mimi, ambaye kazi yangu tangu ujana ni kuyapima maneno, nasema neno hili lina sumu ndani yake, na leo nataka kulijadili na wasomaji wa ukurasa huu kwa urefu kidogo.

Mtoto ni mtu ambaye bado hajajua. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu ni mtu aliyekuwa akijua. Chombo cha mmoja hakijapakiwa shehena, na cha mwenzake kilikwisha kata bahari zote, kikapwelewa shehena ikiwa imeshuka. Nani atakayesema kwamba vyombo hivi viwili ni kimoja kwa sababu vyote vimo vitupu? Na ubaya wa neno lile hauishii katika maana yake. Ukishaamini kwamba mzee wako amekuwa mtoto, ulimi wako nao hubadilika. Utamkaripia, utamhonga peremende, utamsema mbele ya uso wake kana kwamba hasikii. Mtu aliyekuwa akiitwa Maalim na mtaa mzima, leo mjukuu wake humwita "kitoto chetu" mbele ya wageni, na wageni wakacheka.

Sisi tuliokaa jamvini chuoni twazijua aya mbili, ya 70 katika Sura ya Nahl na ya 5 katika Sura ya Haj, ambazo zinautaja umri huo wa unyonge. Zinautaja kwa upande wa elimu: kwamba mtu alikuwa nayo, kisha ikamtoka. Huenda hilo neno letu la "kurudi" lilichotwa huko, kwa kuwa aya zataja kurudishwa. Lakini ni kurudishwa kwenye umri dhaifu, utoto haukutajwa. Najua wako wafasiri waliofananisha udhaifu huo na ule wa mtoto mchanga, nami sibishani nao. Udhaifu waweza kuwa mmoja, hadhi si moja. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akimwomba Mola amkinge na umri huo, na Saad bin Abi Waqqas akiwafundisha wanawe dua hiyo, imo katika Bukhari. Basi jambo ambalo Mtume alijikinga nalo, sisi ni nani hata tulifanye kichekesho cha baraza?

Kisha iko aya ya 23 katika Sura ya Bani Israili, ambayo kila khatibu wa Pwani hii amekwisha isoma mimbarini. Twaisoma mara nyingi, na sidhani kama twaisikiliza. Inawataja wazazi wanapofikia uzee wakiwa nawe, na amri yake ya kwanza kwa wakati huo ni ya ulimi. Haianzi na chakula, wala dawa, wala fedha. Inakataza hata ile sauti ndogo ya kuchoka itokayo puani, inakataza kukemea, kisha inaamrisha maneno ya heshima. Yaani Mola wetu, aliyemuumba mzee na kumjua udhaifu wake, alijua kwamba mahali tutakapomuumiza kwanza ni katika kusema naye.

Na wataalamu wa zama zetu wamefika pale pale kwa njia yao. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walieleza jinsi walivyowaonyesha filamu za huzuni na za furaha watu wenye maradhi ya kupotewa na kumbukumbu. Baada ya muda mfupi wagonjwa walikuwa wamesahau walichokiona, wengine hata hawakukumbuka kwamba waliona filamu. Lakini huzuni iliwakaa. Furaha nayo iliwakaa. Basi yule kijana amwambiaye nyanyake "Nyamaza wewe, umeshanichosha" akadhani si neno, kwa kuwa baada ya dakika kumi atakuwa amesahau, na ajue kwamba kitakachosahauliwa ni yale maneno. Uchungu utabaki, na ubaya wake ni kwamba yule bibi atakaa nao mchana kutwa asijue umetoka wapi.

Nigusie maradhi yenyewe, lakini kwa ufupi, maana mimi si tabibu. Kitaalamu huitwa dimenshia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la dalili ziletwazo na maradhi mbalimbali ya ubongo. Yaliyo mashuhuri zaidi ni maradhi ya Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 mjini Frankfurt alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akipotewa na maneno na mambo yake mwenyewe. Alipofariki bibi yule mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake akaona takataka zilizogandamana na nyuzi zilizojisokota ndani yake. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapa ndipo shinikizo la damu na kisukari, wageni wasioaga katika nyumba zetu za biriani na chai ya sukari nyingi, hutia mkono wao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia ulimwenguni, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Wala si kila mzee lazima ayapate. Wako wazee waliopita miaka 90 na bado wakikudai shilingi uliyokopa mwaka juzi.

Kiswahili chetu kina neno "kupiswa", la tangu zamani, lakini limekaa kimatusi. Mtu humtupia mwenzake anapotaka kumvunjia heshima. Mimi napendelea kusema "amepotewa". Kumbukumbu ndizo zilizompotea, hakupotea yeye.

Kutoyajua maradhi haya kumeua watu, wasomaji wangu, na si mbali na hapa tulipo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa mwaka baada ya mwaka kwa kusingiziwa uchawi, hata huko Kaya Godoma, Ganze, ikabidi wanaotishiwa wapewe mahali pa kujisitiri. Huko Marani, Kisii, mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma hizo hizo. Sisemi wote walikuwa na maradhi haya. Mara nyingi kinachotafutwa ni shamba la mzee, na uchawi ni kisingizio. Lakini hebu fikiri. Mtu apotewaye na kumbukumbu huamka usiku wa manane akatoka nje akaitafuta nyumba aliyozaliwa. Hukutwa uani kwa jirani, nguo hazijakaa sawa, akinena maneno yasiyoeleweka. Katika kijiji ambacho juma lililopita amekufa mtoto, mtu huyo ataitwa nani?

Sisi wa mijini twajiona tumesalimika na hayo. Twajidanganya. Letu ni jini, pepo na hasadi, na mzee huzungushwa kwa waganga miezi sita kabla ya kupimwa hata mkojo. Sina ugomvi na dua wala na kombe. Kurani ni shifaa na sitaki kuandikiwa barua kwa jambo hilo. Ninalosema ni kwamba hospitali nayo ni sababu katika sababu za Mwenyezi Mungu. Yako mambo yanayomvuruga mzee na yanatibika: tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, maambukizo ya njia ya mkojo, sonona, dawa nyingi zinazogombana mwilini. Tena wako wanaosemwa wamepotewa na kumbe ni masikio tu, hawasikii waulizwalo. Mzee aliyekuwa na akili zake Jumatatu akavurugika Jumatano, huyo apelekwe siku hiyo hiyo, kwani dimenshia kwa kawaida huja polepole, kama maji ya bamvua yanavyopanda pwani usiyaone mpaka yamekufika magotini.

Sasa nije kwenye kusema nao, ambako ndiko hasa nilikokusudia.

Kumzuru mgonjwa ni sunna, na watu wa Pwani twaipenda sunna hii kuliko nyingine nyingi, pengine kwa sababu kuna kahawa na kaimati ndani yake. Lakini tazama tuzurupo mzee wa namna hii. Twaingia watu sita kwa pamoja, televisheni inaunguruma, na kila mmoja anamwinamia mzee na swali lile lile: "Wanijua mimi? Mimi nani? Hebu nitaje jina." Mzee anatazama nyuso sita. Anajua kwamba anatakiwa ajue. Anatabasamu kwa haya, anabahatisha jina la ndugu yake aliyekufa, na chumba kizima kinasema "Aah, hanijui!" Munkar na Nakir wanamngoja na maswali yao huko aendako; sisi twamtangulizia mtihani wa nini?

Ajuaye jina ni wewe, basi litaje wewe. Njoo kwa mbele akuone uso, usimshtue kwa nyuma. Akiwa amekaa, nawe kaa ulingane naye macho. Zima televisheni. Sema, "Sabalkheri mama, ni mimi mwanao fulani, mtoto wa ndugu yako fulani," kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kuliko kugumu. Sisi watu wa mji hatukuzoea kimya, swali lisipojibiwa upesi twaongeza la pili na la tatu, na mzee aliyekuwa bado anaokota maneno ya kulijibu la kwanza huyamwaga yote. Mpe muda. Neno moja kwa wakati mmoja, swali moja kwa wakati mmoja, na afadhali swali la kujibiwa kwa "ndiyo" au "la". "Wataka chai?" ni bora kuliko "Wataka kunywa nini?" Na akiuliza jambo lile lile kwa mara ya tano, lijibu kama ndiyo kwanza limeulizwa, kwa sababu kwake yeye ndiyo kwanza.

Na hapa desturi yetu ina hazina ambayo madaktari wa Ulaya hawanayo. Watu wa bara hutucheka kwamba salamu zetu haziishi, kwamba Mswahili akikutana na mwenzake njiani jua huwachwea kabla hawajaulizana la maana. Wacheke watakavyo. Mamangu mkubwa, Mungu amrehemu, alifundisha wasichana Kurani nyumbani kwake Mji wa Kale kwa miaka mingi, na siku zake za mwisho hakuweza kukwambia leo ni siku gani wala kama amekula. Lakini ulipombishia hodi na kumpa salamu, aliirejesha kamili na rehema na baraka zake, akakukaribisha, akauliza, "Nyumbani hawajambo? Watoto? Alhamdulillahi." Nyumbani kupi, na watoto wa nani, hakujua. Lakini mlikuwa mmekwisha kuzungumza! Alitoa adabu akapokea adabu, na uso wake ukang'aa kwa mtu aliyeweza jambo. Maneno yaliyosemwa mara elfu na elfu hayakuwekwa sanduku moja na habari za jana, na mwizi huyu wa kumbukumbu huchelewa sana kuyafikia. Kwa hiyo usiikate salamu ukadhani ni porojo. Irefushe. Kwa mtu huyo pengine ndiyo mazungumzo yote aliyobakiwa nayo ambayo hawezi kukosea.

Sanduku jingine lichelewalo kuibwa ni la yaliyohifadhiwa moyoni kwa mahadhi. Katika jambo hili ushairi wetu ni shahidi. Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake mengi hayakuwa yameandikwa popote ila vifuani mwa watu wa Mvita. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyakusanya na kumsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyatia katika maandishi, na Diwani ya Muyaka ilipopigwa chapa mwaka 1940 karne nzima ilikuwa imepita. Yalifikaje? Yalifika kwa vina na mizani. Kina ni kamba: ukilishika neno moja, lile la pili huja likivutwa. Kwa mtu apotewaye na kumbukumbu, kamba hii hudumu hata fundo nyingine zote zikiwa zimefunguka. Mpe ukwapi, atakupa utao. Wako bibi zetu waliouhifadhi utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, tangu wakiwa wari, na hata leo, mtu ukiwaanzia ubeti, wao huendelea peke yao wewe ukiwa umekwisha sahau.

Siku moja, huyo mamangu mkubwa akiwa kitandani na macho ameyafumba, mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu alikuwa akisoma Yasini pembeni. Msichana akakatisha madda mahali pasipokatishwa. Yule bibi, ambaye asubuhi ile alimwuliza msichana huyo huyo "Wewe ni mtoto wa nyumba gani?", alifumbua jicho akamrudisha, akamsomea ilivyo sawa, akamwamuru arudie tena. Akarudia mara tatu mpaka mwalimu aliporidhika. Mtu aseme sasa kwamba aliyekuwa pale kitandani alikuwa mtoto.

Liko swali ambalo nimeulizwa na watu wacha Mungu, nalo nalihesabu kuwa zito. Mzee akisema "Mamangu yuko wapi?" na mamake ni marehemu, nijibu nini? Nikisema amekufa, atalia upya kana kwamba mayiti yuko sebuleni, na kesho atauliza tena nami nimzike tena mama huyo. Nikisema amekwenda sokoni, nimesema uongo, tena uongo kwa mzazi. Nami nasema: ajabu kwamba watu wa mafumbo kama sisi tukwame hapa! Lugha hii twaitumia kumpiga jirani kijembe cha leso asijue kumetoka wapi. Hatuwezi kuitumia kumpoza mzazi? Wanazuoni wanaijua taaridhi, maneno yaliyo kweli kwako na yakamtua mwenzako, na wameiona kuwa ni njia ya kuepukana na uongo. Basi mwambie, "Mama yuko mahali pema, inshallah. Hebu nieleze, siku ya Idi alikuwa akiwapikia nini?" Hapo hukusema uongo hata kidogo. Naye atakueleza habari za mkate wa sinia na kuku wa kupaka wa mwaka ambao hukuwako duniani, na kile kiu cha mamake kitakuwa kimekatwa kwa kumsema. Kwani aulizaye mamake katika hali ile aghalabu hatafuti habari za mamake. Anaogopa, na anamtaka mtu ambaye kwake hapakuwa na hofu.

Vivyo hivyo na ile "Nataka kwenda kwetu", ambayo huzidi jioni, karibu na Magharibi, wengi wao wakiingiwa na wasiwasi jua linapochwa. Ukimwambia "Kwenu ni hapa, umekaa nyumba hii miaka arubaini," umeingia katika kesi ambayo hutaishinda. Washa taa kabla giza halijaingia. Mshike mkono, mwambie "Haya, twende," mzunguke ua, au mfike mpaka barazani na kurudi, mkisema habari za kwao huko. Mara nyingi akirudi mlangoni huingia kama aliyefika.

Kuna la kuoga, nalo huwafedhehesha watu hata hawalisemi. Husikia bibi mpole maisha yake yote sasa anapiga, anauma, anatukana akitaka kuogeshwa, na wanawe wanasema ni pepo huyo. Mimi nasema pengine ni haya. Bibi huyu alilelewa sitara tangu akivaa buibui la kwanza. Sasa anaingia kwake mtu asiyemtambua, pengine msichana wa kazi aliyeanza juma hili, anamvua nguo bila ya neno. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Msichana na ajitaje, aseme kila anachotaka kukifanya kabla hajakifanya, maji yasiwe ya baridi, na leso isimtoke mwilini: amwagiwe maji nayo mwilini, kisha ajifunike kavu ndipo iondolewe ile iliyorowa, kama alivyozoea kuoga siku zote. Mzee mwanamume naye ana haya zake, na mwanawe wa kiume asikimbilie msikitini muda huo huo kila siku.

Na kwa kuwa nimetaja msikiti: wako wanaowaandama wazee hawa kwa ibada. Baba ameswali Adhuhuri mara tatu, baba amesahau rakaa, baba amekunywa maji mchana wa Ramadhani, na mtoto anamfokea kama mlinzi wa forodha. Kalamu huondolewa kwa aliyeondokewa na akili; hilo twalijua tangu chuoni, na kwa yale yaliyo katikati, ambapo akili huja na kwenda, waulizwe masheikh. Lakini mwacheni aswali. Anayesimama mara tatu kuelekea kibla kwa kutojua kwamba amekwisha kuswali, amemdhuru nani?

Nimesema kuhusu mzee, na sikumsema anayemlea, ilhali pengine huyo ndiye aliyekaribia kuanguka. Katika nyumba nyingi nizijuazo, mlezi ni mmoja. Ni binti asiyeolewa au aliyeachika, kwa kuwa "yeye hana kazi". Ndugu zake wa kiume wako Jedda, Dubai, Nairobi. Huleta fedha, na fedha ni kitu, sikatai. Huja Idi wakakaa siku tatu, mzee akawachangamkia kwa vile ni nyuso ngeni, nao wakaondoka wakisema "Mbona mzee hana neno? Dada anazidisha." Dada huyo hajalala usiku mmoja mzima tangu Mfungo Mosi. Yeye ndiye atakayesema "ah" siku moja, na nyumba nzima itamnukulia aya. Mimi siko tayari kumnukulia mtu aya hali ya kuwa wale wengine wanne, ambao aya iliwaamrisha sawasawa naye, wamelala Dubai kwenye kipupwe.

Serikali ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo ni msaada lakini haziwezi kumlipa msaidizi hata wa juma moja. Kiko chama kilichoasisiwa na Bi Elizabeth Mutunga baada ya babake kupatwa na maradhi haya, chenye kuwakutanisha walezi wakaelezana, na hilo la kuelezana ni dawa kubwa kuliko lidhaniwavyo. Na nigusie la aibu kubwa zaidi: jamaa wanaojitokeza ghafla na hati ya nyumba na kidau cha wino, wakakishika kidole gumba cha mzee asiyejua ni siku gani. Wenye wazee ambao ndiyo kwanza wameanza kusahau na wayapange mambo ya wasia na mali sasa, mbele ya mashahidi, mzee mwenyewe akiwa bado aweza kusema analolitaka.

Misikiti yetu ina kamati za ujenzi, kamati za maulidi, kamati za maiti na sanda. Wanawake wetu wana vyama vya harusi vyenye hesabu safi kuliko benki. Sioni kwa nini mtaa kama Kibokoni au Majengo usiwe na orodha ya nyumba zenye wazee wa namna hii, na wanawake wawili wa zamu, wajulikanao na mzee, wakaingia Ijumaa baada ya sala na kukaa naye hadi Alasiri: wakamwamkia, wakamwanzia kisomo, wakamnywesha chai polepole. Na yule binti akavaa buibui lake akatoka akaenda atakako, au akafunga mlango wa chumba cha pili akalala.